Nilivyokwenda Ufaransa Bila Kutoka Al Warqa

Haya, anza kucheka mapema ili nikimaliza uwe umeshachoka, maana mie mwenyewe ilinichukua muda mrefu kuweza kuisimulia hii bila kutazama chini, na hata leo nikipita uwanja wa ndege wa Dubai, upande ule wa wanaofika, naongeza mwendo. Mke wangu Mwanaisha ameniruhusu niisimulie kwa sharti moja tu, kwamba niseme wazi tangu mwanzo kuwa wazo lilikuwa langu. Basi lilikuwa langu. Yeye alisema tusidanganye watu, mie nikamwambia huku si kudanganya, huku ni kuchelewesha ukweli kidogo.

Miaka hiyo nilikuwa nauza manukato kwenye duka moja Al Rigga, na muuza manukato asiye na maneno ni mtu tu aliyesimama karibu na chupa, na mie mtoto wa Mombasa maneno ninayo, sijawahi kupungukiwa. Mwanaisha alikuwa akiwalea watoto wa madam mmoja Mfaransa kule Al Warqa, na madam huyu alimpenda hasa, mpaka mwaka ule akatuambia njooni Agosti kwetu Lyon, mama yangu atawapikia, mlale, mtembee, mle mshibe. Na huko Marseille nilikuwa na rafiki yangu wa Kingazija, tuliwahi kulala chumba kimoja Deira enzi za ukapera, naye kila siku ananiuliza unakuja lini. Kwa hiyo wenyeji tulikuwa nao wawili, likizo tulikuwa nayo, hamu ya kula vya watu tulikuwa nayo, na viza tulikuwa tumeomba. Mie nikaihesabu kama imeshapatikana.

Nikatangaza. Kwenye grupu letu la Waswahili wa Dubai (watu wa Lamu, watu wa Unguja, watu wa Tanga, na Waganda wawili ambao sijui nani aliwaingiza) nikaandika ratiba nzima ya safari: Paris siku mbili, Lyon siku nne, Marseille siku nne, na chini nikaongeza, ati, wanaotaka marashi waseme mapema nisije kulaumiwa. Ratiba ya rais haina maelezo kama yale.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Mama, la sivyo utadhani nilikuwa mwehu bila sababu. Mama ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja Dubai kwa viza ya matembezi ya miezi miwili, na hakuja kutembea. Mdogo wangu Twalib, dereva wa gari la mizigo hapo hapo Deira, kijana mtaratibu hata kuku humpisha njia, alikuwa amemposa Saumu, mdogo wake Mwanaisha. Mama ni mjane, neno la mwisho ni lake, na jibu lake kwa posa lilikuwa hivi: "Nitakwenda Dubai nikawaone watu wenyewe wanavyoishi. Nikisharidhika nitasema, na nisiporidhika nitasema." Basi tangu ashuke kwenye ndege alikuwa akinitazama kama mtu anayefunua shavu la samaki sokoni. Wiki ya kwanza tu alishaniambia, "Omari mwanangu, wewe maneno yako mengi." Nikacheka. Twalib hakucheka, maana yeye Saumu alimtaka kweli, alikuwa akisikia jina lake anakosea hata gia.

Kwa ajili ya safari tukamhamishia Mama kwa dada yake mkubwa Mwanaisha, Zainabu, mitaa mitatu kutoka kwetu. Mama akaondoka na vijisanduku vyake, na mchana wa siku hiyo hiyo pasipoti zikarudi. Tupu. Barua ilisema hawakuridhika kwamba tutarudi. Mie mwenye safari kesho asubuhi nikakaa kitandani na ile barua, Mwanaisha akasema, "Basi, khalas, haikuandikwa. Twende tukamwambie Mama, nimrudishe nyumbani." Mtu mwenye akili angesema twende. Mie nikamwambia, "Tusiseme leo. Tutasema kesho." Hayo ndiyo maneno yaliyoniua, na yote mengine ni mazishi.

Kwa sababu kesho yake asubuhi, kabla sijafungua kinywa, Mama alikuwa ameshafika kwetu, amefukiza ubani, amesoma dua, amempaka Mwanaisha mafuta kichwani, na watu kumi wako chini ya jengo kutuaga. Mtu na masanduku yake anawaambiaje watu kumi kwamba masanduku ni ya bure? Mama akanishika mkono akasema, "Kumbe Omari ukisema kitu unakifanya. Nilikudhania vingine." Wallahi, baada ya kusikia hivyo ningepanda ndege ya kwenda popote. Nikapanda gari la mizigo la Twalib, nikapunga mkono.

Kwenye mataa ya kwanza nikamwambia Twalib asiende uwanja wa ndege, aende Al Warqa, kwa madam, maana madam alishaondoka zamani na familia yake, na funguo za nyumba alikuwa nazo Mwanaisha ili amwagilie maua na kumlisha paka. (Madam mwenyewe tulimpigia, tukamwambia viza imekataa na tukamwomba tulale hapo, akatuonea huruma mno. Yeye pekee ndiye hatukumdanganya, labda kwa kuwa lugha yake hatuijui vizuri.) Twalib akashika usukani kwa mikono miwili.

"Kaka, na Mama akiniuliza?"

"Mwambie tumefika."

"Mie siwezi kumdanganya Mama. Siku nyingine zote labda, lakini siyo sasa hivi ananipima."

"Basi nyamaza. Kunyamaza si uongo. Na haya yote nafanya kwa ajili yako, akijua tumejisifu bure utamkosa Saumu!"

Mwanaisha, kule nyuma kwenye masanduku, akasema, "Kwa ajili ya nani?"

Basi tukaanza likizo. Nyumba ilikuwa nzuri, kiyoyozi baridi, paka mnene mwenye dharau. Madam kila siku alikuwa akimtumia Mwanaisha picha za kumliwaza, mezani kwa mama yake, mitaani, sokoni kwenye majibini marefu kama matofali, anaandika, laiti mngekuwa hapa. Mie nikaziona zile picha nikaona Mungu amenifungulia. Nikawa nazichukua, nazikata sehemu yenye watu, nazirusha kwenye grupu: Leo tumekaribishwa chakula cha mchana Lyon, Paris tutapitia mwisho, mama wa madam mkarimu ajabu! Mioyo na makofi yakamiminika. Siku mbili nikawa mfalme.

Siku ya tatu nikarusha picha ya sahani bila kuitazama vizuri, nikaandika, chakula cha wenyeji, kitamu hakina mfano. Nusu saa baadaye mtu wa Tanga akauliza, "Omari, hao si konokono?" Nikaikuza picha. Konokono kumi na wawili, kila mmoja na siagi yake, na pembeni bilauri ya kitu chekundu ambacho hata kipofu angejua si soda ya Vimto. Grupu likawaka. Mmoja anauliza hukumu ya konokono, mmoja analeta aya, Mganda mmoja anasema kwao nao hawaliwi. Nikaandika haraka kwamba ni kombe wa baharini, na ile ni juisi ya zabibu, imekamuliwa hapo hapo. Kidogo ikaja voisi ya Mama, imetumwa kwa simu ya Zainabu, sauti pole kabisa: "Omari mwanangu, mie nimezaliwa na kukulia Mombasa, kombe nawajua. Huyo kwetu hupanda ukutani mvua ikinyesha. Lakini kama wewe umemla ukamwona kombe, basi sawa, afya."

Nikamwambia Mwanaisha afadhali kutuma voisi kuliko picha, voisi haina konokono. Nikatoka bustanini nikarekodi moja ndefu, nikaeleza Marseille ilivyo, bandari, samaki aliyepikwa na rafiki yangu kwa mikono yake, upepo, na katikati ya upepo muadhini wa msikiti wa pale Al Warqa akaanza. Alasiri. Nilikuwa nimeshazoea adhana, hata sikuisikia. Mama akajibu: "Alhamdulillahi, kumbe huko Ufaransa adhana inatolewa wazi namna hiyo. Nimefurahi." Nikasema ni simu yangu, Mama, nimeiwekea adhana. Akajibu tena: "Na ile ya pili, iliyokuwa ikiitikia kwa mbali?" Nikasema ni simu ya Mwanaisha. Mwanaisha alikuwa amekaa karibu yangu na chakula cha paka mkononi, akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa tena.

Halafu likaja la video. Unajua wewe uliyekaa Dubai kwamba simu za video za bure kule zimefungwa, kila mtu akitoka nje ya nchi, kitu cha kwanza ni kupiga video kwa watu wake mpaka macho yamuume. Na Mama alikuwa amelijua hilo (nani kamfundisha, sijui). Kila siku: "Mpigieni Saumu video basi, huko si hakujafungwa, na Mombasa pia? Amwone dadake." Siku ya kwanza nikasema mtandao wa treni mbovu. Siku ya pili, tuko mlimani. Siku ya tatu nikasema kioo cha simu kimepasuka. Akasema pole, na cha Mwanaisha? Nikasema nacho, vyote viwili vilikuwa mfuko mmoja.

Siku hiyo Mwanaisha alilia. Sisemi kwa kupamba, alilia kweli, amekaa sakafuni jikoni kwa mtu. "Omari, mamangu amekuja mara moja tu katika maisha yake. Ana miezi miwili. Wiki nzima hii niko dakika ishirini kutoka alipo, nimejificha na paka." Akataka tuite teksi twende. Na mie nilikuwa najua ana haki, nilijiona mdogo hata paka kanizidi, lakini ulimi wangu, huu huu unaouza manukato, ukasema, "Zimebaki siku tatu, mke wangu. Tukienda sasa, Twalib amekosa mke. Tuvumilie tumalize vizuri." Eti tumalize vizuri!

Kumaliza ndiko kulikokuwa na kazi. Tungeweza kurudi kimyakimya na teksi mpaka mlangoni, lakini Zainabu akaandika kwenye grupu kwamba Mama ameapa kutupokea mwenyewe, na watu watamsindikiza. Nikatafuta ndege inayotoka Paris na kufika adhuhuri. Nikapanga: sisi tufike uwanjani mapema, tuingie ukumbi wa wanaofika, tujibanze karibu na ule mlango wanakotokea abiria, ndege ikishatua watu wakianza kumwagika tujichomeke katikati yao, tutokee tukipunga mkono. Nikavaa koti la suti na skafu shingoni. Skafu, Agosti, Dubai. Hadi tunashuka kwenye teksi shati limeshanata mgongoni, Mwanaisha hanisemeshi, na masanduku mepesi mno, nikiyasukuma kwenye kitoroli yanarukaruka (tulisahau kwamba mtu akitoka Ulaya masanduku huwa mazito).

Tukajibanza nyuma ya nguzo. Watu wetu wakafika, nikawaona kwa pembeni: Mama mbele na koja la asumini mkononi, Zainabu, Twalib ameinamisha kichwa, na watu wa grupu si chini ya wanane, mmoja ameshanyanyua simu anarekodi. Ubao ukasema ndege imetua. Tukasubiri. Abiria wakaanza kutoka. Nikamwambia Mwanaisha, "Yalla, sasa hivi," tukazunguka nguzo, nikakisukuma kitoroli upesi kuelekea ule mlango, kinyume cha watu wote, ili nikifika nigeuke kama nimetoka ndani.

"Boss! Boss! Simama!"

Alikuwa askari wa pale, Mganda, mrefu, uso mwema kabisa. Akakishika kitoroli changu.

"Boss, nyinyi munaenda wapi? Huku ni watu wanafika. Kusafiri ni juu!"

Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba najua, ndugu yangu, tafadhali achia. Lakini huyu alikuwa mtu wa kusaidia, na mtu wa kusaidia hazuiliki.

"Mimi niliwaona tangu saa ile munashuka kwa teksi, nikasema hawa watu wamepotea. Mumekaa hapo nyuma ya nguzo saa nzima! Ndege itawaacha! Munaenda wapi?"

Ukumbi mzima, wallahi, ukatugeukia. Na mie badala ya kukaa kimya nikasema, "Tunatoka Ufaransa."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Hapana boss," akasema polepole, kama unavyosema na mgonjwa, "bado hamujatoka. Lifti ni pale." Akainua sanduku kubwa anisaidie, na lilivyokuwa tupu likapaa mpaka kifuani mwake, yeye mwenyewe akashtuka. "Eh! Hii haina kitu?"

Nikageuka. Walikuwa wamefika, hatua nne tu, wote. Simu bado inarekodi. Zainabu amejiziba mdomo kwa buibui mabega yanatikisika. Mwanaisha akaliacha begi lake la mkono chini, akampita askari, akanipita mie, akaenda akamwangukia mamake miguuni akisema, "Nisamehe Mama, nisamehe." Mama akamwinua, akamvika koja. Kisha akamgeukia yule Mganda: "Ahsante mwanangu, umewasaidia sana." Na kwangu akasema tu, "Pole na safari, Omari. Vua hiyo skafu, utaanguka."

Tukaondoka wote pamoja. Kwa Zainabu biriani ilikuwa tayari, sinia tatu, watu wa grupu wamejaa mpaka barazani, na hakuna aliyethubutu kuaga, nani angeondoka? Mie nikakaa mahali pa karibu na mlango. Twalib alikuwa na rangi ya majivu. Nikajua nimemkosesha, na nikajua kwamba kumkosesha mtu mpole ni dhambi ya peke yake, kwa kuwa hata kukutukana hakutukani. Nikakusanya nguvu, nikasema mbele ya watu, "Mama, Twalib hana kosa. Ni mimi. Usimhukumu kwa ajili yangu."

Mama akanawa mikono kwanza.

"Nilikuja kutafuta jibu, na nimelipata siku ya pili tu mlipoondoka. Nilimwuliza Twalib, wamefika salama? Akanyamaza. Nikamwuliza tena, akanyamaza. Mara ya tatu akaniambia, Mama, wako Al Warqa, viza ilikataa. Machozi yanamtoka, kwa kuwa alijua naweza kumnyima mke siku ile ile." Akamtazama Twalib. "Kijana aliyeona bora amkose Saumu kuliko kunidanganya mie, huyo nampa Saumu. Nimeshampigia mwanangu, anajua."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika mpaka duka langu. Watu wakamnyanyua Twalib juujuu. Na mie, katikati ya ile furaha, ndipo akili ikaanza kunirudia pole pole: siku ya pili! Yaani siku ya konokono Mama alikuwa anajua. Zile adhana mbili alikuwa anajua. Zile video, vile vioo viwili kupasuka mfuko mmoja, alikuwa amekaa na Zainabu pale wanaviringika kwa kicheko wakinisikiliza. Nikamwuliza, "Sasa Mama, kama ulijua, uwanja wa ndege ulikuja kufanya nini?"

"Nilitaka nione mtafika vipi," akasema, na kila mtu akalia kwa kicheko.

Hapo ningenyamaza. Lakini mie, nikaona kama kamsamehe Twalib, na kicheko kimeshapita, labda na mie lipo fungu langu. Nikasema, "Na mie je, Mama? Mie si mkweo vile vile?"

Akanisogezea kipande cha nyama kwenye sinia, kizuri, kama unavyompa mgeni.

"Wewe mke sikukupa mie," akasema. "Alikupa marehemu baba yake, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kuamini watu."

Mwanaisha alibaki hapo kwa Zainabu na mamake siku zote alizobakiwa nazo Mama Dubai, mie nikawa napelekewa chakula nyumbani kwenye kibakuli na Twalib, ambaye wala hakuwahi kunicheka. Tangu siku hiyo nikiulizwa niko wapi, nasema nilipo, hata kama ni chooni.